Inchi 13 na Inchi 10: Historia ya Tairi Katika Magari ya Mashindano ya Wanafunzi

Historia ya magari ya mashindano yanayobuniwa na kuundwa na wanafunzi wa uhandisi kwa kawaida husimuliwa kupitia injini zake, mabawa yake na vikombe vilivyonyakuliwa, ilhali kiungo kilichobadilika polepole zaidi, na ambacho mabadiliko yake yaliyalazimisha mengine yote yabadilike, ni tairi. Gari hushikana na ardhi mahali panne tu, kila pahali pakiwa na eneo dogo kuliko kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa, na kila amri inayotolewa na dereva, iwe ya kuongeza mwendo, kufunga breki au kukata kona, sharti ipite hapo. Licha ya ukweli huo, kwa miaka zaidi ya 20 ya mwanzo timu nyingi hazikuchagua ukubwa wa tairi kwa hesabu, bali zilichukua lililokuwapo sokoni. Namna uchaguzi huo ulivyotoka mikononi mwa wauzaji ukaingia katika daftari za wanafunzi ndiyo mada ya makala haya.

Kabla ya historia yenyewe, yafaa namba zinazoandikwa ubavuni mwa tairi zifafanuliwe, kwa kuwa hata fundi mzoefu wa magari ya barabarani anaweza kutatizwa na zile za mashindano. Tairi la daladala au la matatu huandikwa kwa mfano 195 R15, au 195/70 R15, ambapo 195 ni upana kwa milimita, 70 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, R ni alama ya radiali, yaani tairi ambalo nyuzi zake za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Katika matairi ya mashindano utaratibu huo hauzingatiwi. Kampuni ya Hoosier ya Indiana, Marekani, huandika 20.5x7.0-13, yaani kipenyo cha nje inchi 20.5, upana inchi 7 na ringi ya inchi 13. Avon ya Uingereza hutanguliza upana na kuandika 6.2/20.0-13, Michelin ya Ufaransa hutumia sentimita, ikaandika 16/53-13, nayo Continental ya Ujerumani ilipotengeneza tairi mahsusi kwa wanafunzi ililiita 205/470 R13, yaani upana na kipenyo cha nje kwa milimita, huku ringi ikibaki katika inchi. Mwanafunzi anayelinganisha matairi manne ya watengenezaji hao hana budi kwanza kuyaleta katika kipimo kimoja, na si mara chache kazi hiyo imefanywa vibaya.

Mashindano yenyewe yalizaliwa Marekani chini ya Chama cha Wahandisi wa Magari, kijulikanacho kwa kifupi cha SAE, chama kilichoanzishwa mwaka 1905. Katika miaka ya 1970 chama hicho kilikuwa tayari na mashindano ya wanafunzi ya magari madogo ya kupita porini, yaliyoitwa Mini Baja na kuanza mwaka 1976 huko South Carolina. Mwaka 1979, Chuo Kikuu cha Houston kiliandaa mashindano ya aina nyingine yaliyopewa jina la Mini-Indy, baada ya jarida la Popular Mechanics kuchapisha maelezo ya namna ya kuunda kigari cha mbao chenye umbo la magari ya Indianapolis na kinachoendeshwa na injini ya Briggs & Stratton ya nguvu za farasi 5. Vyuo 13 vilijiandikisha, 11 vikashindana, na Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso kikaibuka mshindi. Kwa nguvu hizo ndogo swali la tairi halikuwa na uzito, maana injini yenyewe haikuweza kulifikisha tairi kwenye kikomo chake.

Mashindano hayo hayakupata mwenyeji mwaka uliofuata, na hapo ndipo wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Texas cha Austin walipomwendea mwalimu wao, Ron Matthews, wakiwa na pendekezo la mashindano mapya ambayo yangeacha uhuru mkubwa wa ubunifu na kudhibiti nguvu kwa njia moja tu. Badala ya kumlazimisha kila mshiriki atumie injini ileile, kanuni iliruhusu injini yoyote ya mizunguko minne, mradi hewa yote inayoingia ndani yake ipite katika tundu la kipenyo cha milimita 25.4. Tundu hilo, ambalo baadaye lilipunguzwa hadi milimita 20 kwa injini za petroli, ndilo lililowafungulia wanafunzi mlango wa injini za pikipiki, na mwaka 1981 mashindano ya kwanza ya Formula SAE yalifanyika Austin. Kuanzia hapo gari la mwanafunzi lilikuwa na nguvu ya kutosha kuyazungusha magurudumu ya nyuma mahali pamoja yakatoa moshi, na tairi likawa jambo la kufikiriwa.

Mabadiliko ya pili yalikuja mwaka 1985, mashindano yalipohamia Chuo Kikuu cha Texas cha Arlington na kuongozwa na Robert Woods, ambaye aliyaelekeza upya ili mwanafunzi asiwe anaunda gari la mbio tu, bali abuni gari ambalo kampuni ya kubuniwa ingeweza kulizalisha kwa idadi ndogo na kuliuza kwa madereva wa mwishoni mwa wiki. Gharama, utetezi wa usanifu mbele ya waamuzi na urahisi wa matengenezo vikawa sehemu ya alama. Viwanda vikubwa vitatu vya Detroit, General Motors, Ford na Chrysler, vilipokezana uenyeji mwaka 1991, 1992 na 1993, kisha vikashirikiana kuyaendesha kwa miaka mingi katika jimbo la Michigan. Uingereza ilianza mashindano yake, Formula Student, mwaka 1998, Australia ikafuata mwaka 2000, Japani mwaka 2003 na Ujerumani mwaka 2006 katika uwanja wa Hockenheim.

Umbo la njia ya kushindania, zaidi ya umbo la kanuni za injini, ndilo lililokuja kuamua hatima ya tairi. Mashindano haya hayafanyiki kwenye mizunguko mipana ya magari makubwa, bali kwenye maegesho na viwanja vya lami ambapo njia hupangwa kwa koni, na mwendo umezuiliwa makusudi kwa sababu za usalama. Kanuni za mbio ndefu, zenye kilomita 22, zinakusudia mwendo wa wastani wa kilomita 48 hadi 57 kwa saa na mwendo wa juu usiozidi sana kilomita 105, na kona kali zaidi inaweza kuwa na kipenyo cha nje cha mita 9 tu. Jaribio la mduara, ambalo gari hupita katika umbo la nane, hufanywa kwenye miduara yenye kipenyo cha ndani cha mita 15.25. Jaribio la kuongeza mwendo ni mita 75 kutoka kusimama. Katika mazingira hayo gari karibu kila wakati linakata kona, linafunga breki au linaongeza mwendo, na mara chache mno linakwenda moja kwa moja kwa muda wa kutosha kulipumzisha tairi au dereva.

Ajabu ni kwamba tairi lililotawala miongo miwili ya mwanzo halikuundwa kwa ajili ya mazingira hayo. Ringi ya inchi 13 ilikuwa kipimo cha madaraja ya chini ya magari ya mbio ya kiti kimoja: Formula Ford, iliyoanza Uingereza mwaka 1967, iliitumia, na hata Formula One ilikuja kuishikilia kwa miongo mingi hadi mwisho wa mwaka 2021. Kwa hiyo wauzaji wa matairi walikuwa na orodha ndefu ya bidhaa za inchi 13, mafundi wa ringi walikuwa na mashine zake, na timu ya chuo yenye fedha kidogo ingeweza hata kupata ringi zilizotumika. Jambo la pili lililowapendeza wanafunzi lilikuwa nafasi, kwa kuwa ndani ya ringi ya inchi 13 diski ya breki, kishikio chake na habu, yaani kitovu kinachobeba beringi za gurudumu, vilitosha bila kubanana, na mwanafunzi aliyekuwa anasanifu kwa mara ya kwanza maishani alihitaji mno nafasi hiyo ya kukosea.

Gharama ya uchaguzi huo haikuonekana kwa macho. Gari la Formula Ford pamoja na dereva wake lilikuwa na uzito wa karibu kilo 500, ilhali gari la wanafunzi lenye kilo 220 na dereva wa kilo 70 halikufika kilo 300, na bado yote mawili yaliweza kuvalishwa matairi yaliyochorwa kwa ajili ya lile zito. Mpira wa mashindano hufanya kazi vizuri ukiwa na joto, na joto hilo hutokana na mpira wenyewe kupindwa na kusuguliwa chini ya mzigo. Gari jepesi linalokwenda kilomita 50 kwa saa hulipa tairi pana na gumu joto kidogo, na matokeo yake ni kwamba timu nyingi zilimaliza mbio huku matairi yao yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kushika barabara. Watengenezaji walijibu kwa kuleta michanganyiko laini zaidi ya mpira, na jina la mchanganyiko, kama vile R25B wa Hoosier, likawa likitajwa na wanafunzi kwa uzito uleule wa jina la injini.

Hapa pana kanuni moja ya fizikia ambayo bila kuielewa mjadala wa ukubwa wa tairi huwa ubishi mtupu. Katika vitabu vya shule, msuguano huongezeka sawasawa na mzigo, yaani mzigo ukiwa mara mbili, msuguano nao huwa mara mbili, na eneo la mguso halina maana. Mpira haufuati kanuni hiyo. Tairi likiongezewa mzigo, nguvu yake ya kushika barabara huongezeka kweli, lakini kwa kiwango kinachopungua, hata kilo ya mwisho inayoongezwa ikaleta faida ndogo kuliko kilo ya kwanza. Gari linapokata kona uzito huhamia upande wa nje: kwa gari lenye kilo 280 pamoja na dereva, lenye kitovu cha uzito sentimita 30 juu ya ardhi na umbali wa mita 1.2 kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, kona inayolisukuma kwa mara 1.5 ya nguvu ya uvutano huhamisha kilo 105, hivi kwamba upande wa nje hubeba kilo 245 na wa ndani kilo 35 tu. Matairi ya nje yanayopata mzigo hulipia kidogo kuliko kile ambacho ya ndani yamepoteza. Kwa sababu hiyo wepesi na ufupi wa gari ni mtaji mara mbili, kwani hupunguza mzigo wenyewe na hupunguza pia uhamaji wake, na lolote linalolishusha gari karibu na ardhi, ukiwamo udogo wa gurudumu, lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana kwenye mizani.

Tairi la inchi 10 halikuwa uvumbuzi mpya. Gari la Mini, lililotoka Uingereza mwaka 1959, lilisimama juu ya ringi za inchi 10, na mbio za magari hayo zilihakikisha kwamba matairi ya mashindano ya kipimo hicho yanaendelea kutengenezwa muda mrefu baadaye. Kilichokosekana katika vyuo ni sababu ya kulitaka, na sababu hiyo ililetwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha RMIT cha Melbourne, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati washindani wengi walikuwa wakitumia injini za silinda nne za sentimita za ujazo 600, kama vile zile za Honda CBR600, RMIT walichukua injini ya silinda moja ya pikipiki ya porini, wakakubali kwamba itakuwa na nguvu ndogo, kisha wakalijenga gari zima kuifuata injini hiyo: chesi fupi, radieta ndogo, tangi dogo la mafuta na magurudumu ya inchi 10. Gari hilo lilishinda Uingereza mwaka 2004, na mwaka 2006 timu hiyo ikashinda Michigan, kwenye mashindano ambayo Chuo Kikuu cha Cornell, kikiwa na injini za silinda nne zenye mashine ya kusukumia hewa, kilikuwa kimeshinda mwaka 2001, 2002, 2004 na 2005. Wanafunzi wa Delft, Uholanzi, nao walishika njia ya wepesi kwa ukali uleule, na magari yao yakawa miongoni mwa mepesi kabisa barani Ulaya.

Ni rahisi kudhani kwamba ushindi huo ulikuwa ushindi wa tairi dogo, na timu nyingi zilizoiga RMIT zilidhani hivyo. Ukweli ni kwamba tairi lilikuwa sehemu ya mpango mmoja, na lingeng'olewa katika mpango huo lingepoteza sehemu kubwa ya maana yake. Tairi la kipenyo cha inchi 20.5 husafiri mita 1.64 kwa kila mzunguko, na lile la inchi 18 husafiri mita 1.44, tofauti ya asilimia 12, ambayo ni sawa na kubadilisha sproketi ya nyuma kwa ile yenye meno mengi zaidi. Injini ya silinda moja yenye nguvu kidogo ilinufaika moja kwa moja na mabadiliko hayo, ilhali timu ya silinda nne iliyobadilisha magurudumu bila kugusa mnyororo na sproketi zake ilijikuta dereva akibadilisha gia katikati ya kona. Pia gurudumu dogo lina uzito mdogo na uzito huo uko karibu na kitovu cha mzunguko, kwa hiyo huhitaji nguvu kidogo kulizungusha na kulisimamisha, na springi na shokamzoba hupata urahisi wa kulirudisha ardhini baada ya kila tuta.

Upande wa pili wa hesabu ulikuwa mchungu kwa karakana. Ndani ya ringi ya inchi 10 diski ya breki inabaki na kipenyo kidogo, kishikio chake kinakaribia kugusa ringi, na sehemu inayounganisha gurudumu na mikono ya sasipensheni, ambayo katika ringi ya inchi 13 ingeweza kukatwa kwa maumbo rahisi, inalazimika kuchongwa kwa mashine ya kompyuta kutoka pande moja la alumini. Diski ndogo hupata joto haraka. Maungio ya juu na ya chini ya sasipensheni hukaribiana, hivyo nguvu zinazopita ndani yake huongezeka, na uwazi mdogo katika beringi, ambao kwenye ringi kubwa usingehisiwa, huonekana wazi kwenye usukani. Utaratibu wa kuunda gari nao uligeuka. Timu iliyozoea kuanza na injini na chesi, kisha kutafuta magurudumu ya kuiweka juu yake, ililazimika kuanza na tairi, kutoka tairi kwenda ringi, kutoka ringi kwenda habu na maungio, kutoka maungio kwenda urefu wa mikono ya sasipensheni, na mwisho kwenye mabomba ya chesi. Mpangilio huo ndio sahihi kwa gari lolote la mbio, na inafaa kusemwa kwamba ringi ndogo iliwafundisha wanafunzi wengi jambo ambalo ringi kubwa iliwaruhusu kulikwepa.

Hata hivyo, hadi wakati huo hakuna timu ya kawaida iliyoweza kusema kwa namba tairi lake linashika barabara kiasi gani. Elimu ya nadharia ilikuwapo. Carroll Smith, fundi na mwandishi aliyekuja kuwa mwamuzi maarufu katika mashindano haya hadi kufariki kwake mwaka 2003, alikuwa amechapisha kitabu chake Tune to Win mwaka 1978. William Milliken na mwanawe Douglas walichapisha Race Car Vehicle Dynamics mwaka 1995, kitabu ambacho hakikosekani katika chumba cha timu yoyote. Hans Pacejka wa Delft, akishirikiana na wahandisi wa Volvo, alikuwa ametoa mwaka 1987 mlinganyo unaochora tabia ya tairi kwa mkunjo mmoja, mlinganyo unaojulikana kama Fomula ya Ajabu kwa sababu ulilingana na vipimo ingawa haukutokana na sheria za msingi za fizikia. Lakini mlinganyo wa Pacejka huhitaji viwango vya kujaza, na viwango hivyo vilikuwa siri ya watengenezaji, au havikuwapo kabisa kwa matairi madogo namna ile, maana hakuna kiwanda kilichokuwa na haja ya kutumia fedha nyingi kupima bidhaa inayonunuliwa na vyuo seti chache kwa mwaka.

Ufumbuzi ulipatikana katikati ya miaka ya 2000, pale Robert Woods wa Arlington, Edward Kasprzak na Douglas Milliken walipoanzisha ushirika wa kupima matairi ya Formula SAE. Wazo lake lilikuwa jepesi: kila timu italipa ada ya mara moja, fedha zitakusanywa pamoja, watengenezaji watachangia matairi, vipimo vitafanywa na maabara ya kitaalamu, na matokeo ghafi yatagawiwa kwa wanachama wote. Maabara iliyochaguliwa ni ya Calspan huko Buffalo, New York, kituo kilichotokana na Maabara ya Anga ya Cornell ambamo Milliken mzee alifanya kazi miaka mingi. Mashine yake hulishikilia tairi juu ya mkanda wa chuma uliofunikwa kwa sehemu ya kukwaruza kama msasa, ukienda kwa kilomita 40 kwa saa, kisha hulielekeza tairi kushoto na kulia, hulilaza, huliongezea na kulipunguzia mzigo, na kurekodi nguvu zote linazotoa. Pembe kati ya upande ambao tairi limeelekezwa na upande ambao kwa kweli linakwenda huitwa pembe ya mtelezo, na mkunjo unaoonyesha nguvu ya pembeni dhidi ya pembe hiyo ndio picha ya kwanza ambayo mwanafunzi wa sasipensheni hutakiwa kuisoma.

Vipimo vya kwanza viliwashangaza wengi. Shinikizo la upepo lililopimwa lilianzia pauni 8 kwa inchi ya mraba na kufika 14, kiwango ambacho kingemfanya mwenye gari la kawaida, aliyezoea 30 au zaidi, aamini kwamba tairi lake limepata pancha, ilhali kwa gari jepesi ndicho kinacholiacha tairi likae vizuri ardhini. Ilionekana pia kwamba tairi pana halishindi jembamba kila mara, kwa kuwa chini ya mzigo mdogo upana wa ziada huleta uzito na kuchelewesha joto bila kuleta mshiko unaolingana nao, na kwamba upana wa ringi yenyewe, hata tairi likiwa lilelile, hubadilisha ukali wa mkunjo. Kuhusu swali kuu, la 13 dhidi ya 10, namba hazikumpa ushindi wa wazi yeyote. Matairi mazuri ya vipimo vyote viwili yalitoa mshiko uliokaribiana, na kwa hiyo faida ya dogo ilithibitika kuwa katika uzito, kimo na uwiano wa gia kuliko katika msuguano. Waliokuwa wakidai kwamba tairi dogo linashika zaidi walikosea, na waliodai kwamba linashika kidogo walikosea vilevile.

Namba hizo zilikuwa na mipaka yake. Mkanda wa maabara ni safi na una ukwaruzo kuliko lami yoyote, hivyo mshiko unaopimwa huko ni mkubwa kuliko wa uwanjani, na wanafunzi wamezoea kuupunguza hadi theluthi mbili hivi kabla ya kuuingiza katika hesabu zao. Timu isiyojua hilo huandika katika ripoti yake kwamba gari litakata kona kwa nguvu ambayo mbele ya waamuzi haielezeki. Pamoja na kasoro hiyo, kuanzishwa kwa ushirika wa vipimo kunastahili kuhesabiwa kuwa tukio kubwa kuliko ushindi wa timu yoyote katika historia hii, kwa sababu chuo kidogo kisicho na mfadhili kilipata elimu ileile iliyopatikana na chuo tajiri, na swali la tairi, ambalo lilikuwa likijibiwa kwa orodha ya bei na mazoea ya waliotangulia, lilianza kujibiwa kwa ushahidi.

Mambo mawili yaliyofuata yaliufungua tena mjadala. La kwanza ni mabawa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, walionyesha katika miaka ya 2000 kwamba mabawa makubwa yanaweza kuleta faida hata kwa mwendo wa polepole wa mashindano haya, na muongo uliofuata yakawa ya kawaida. Bawa huliongezea tairi mzigo bila kuliongezea gari uzito wa kuburuzwa pembeni, na tairi linalobebeshwa mzigo huo huanza kudai upana ambao gari lisilo na bawa lisingeuhitaji. Ndiyo maana tairi la inchi 10 lenye upana wa inchi 7.5 lilipata wateja wengi kuliko lile la inchi 6 katika timu zenye mabawa, na Hoosier ikaleta hata lile la 16.0x7.5-10, ambalo kipenyo chake cha nje kimepungua inchi 2 zaidi na kulishusha gari lote karibu na ardhi.

La pili ni umeme. Ujerumani ilianzisha daraja la magari ya umeme mwaka 2010, Marekani ikafuata mwaka 2013 huko Lincoln, Nebraska, na baada ya muda mfupi timu bora zikawa zinaweka mota ndani ya kila gurudumu. Gari la Delft la mwaka 2012 lilikuwa tayari la namna hiyo. Mota ya umeme haihitaji tairi dogo liisaidie kwa uwiano wa gia kama ilivyokuwa kwa injini ya silinda moja, maana huanza na nguvu yake yote ya kuzungusha, lakini huhitaji mahali pa kukaa, na sasa ndani ya ringi ileile ya inchi 10 palitakiwa patoshe mota, gia za kupunguza mwendo, breki na beringi. Continental, kwa upande wake, ilikuwa imebaki na inchi 13 na kutengeneza tairi la radiali lenye ubavu mfupi sana, kipenyo cha nje kikiwa milimita 470, karibu sawa na lile la inchi 18 la ringi ya inchi 10. Kwa kufanya hivyo ilitenganisha mambo mawili ambayo mjadala wa miaka 10 ulikuwa umeyachanganya, yaani ukubwa wa tairi kwa nje na ukubwa wa nafasi kwa ndani, na ikaonyesha kwamba timu inaweza kupata kimo cha gari dogo pamoja na nafasi ya ringi kubwa, mradi ikubali uzito wa ringi na ugumu wa ubavu usiopindika kwa urahisi.

Matokeo ya maendeleo hayo yote yalionekana Septemba 2023, pale wanafunzi wa ETH Zurich na Chuo cha Sayansi Tendaji cha Lucerne, Uswisi, walipolifikisha gari lao la umeme liitwalo mythen kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 0.956, katika umbali wa mita 12.3. Hakuna mpira wa magari haya unaoweza kutoa mshiko wa namna hiyo chini ya uzito wa gari la kilo 140 peke yake, na gari hilo lilibidi kufyonzwa kuelekea ardhini kwa feni, njia nyingine ya kulibebesha tairi mzigo bila kulibebesha gari uzito.

Kanuni za Formula SAE zinataka ringi iwe na kipenyo cha inchi 8 au zaidi, hivyo mlango wa kwenda chini ya inchi 10 uko wazi kisheria. Kinachouzuia si mshiko wala sheria, bali ni kwamba ndani ya inchi 8 breki inayoweza kulisimamisha gari kwa kilomita 22 bila kuzidiwa na joto ni vigumu mno kuitengeneza, na watengenezaji wa matairi hawana soko lingine la kuwalipa gharama za kutengeneza mpira wa kipimo hicho.